Viazi vya kukaanga bila maziwa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nakuru hatukosi viazi. Vinashuka kutoka Molo, Kuresoi na Mau Narok, na sokoni Wakulima unapimiwa gorogoro la viazi aina ya Shangi kabla hujamaliza kusalimia. Nyumbani kwangu hukaangwa karibu mara tatu kwa wiki. Kilichobadilika kwetu ni maziwa. Binti yangu wa pili ana mzio wa maziwa, na mama mkwe wangu aliye Kisumu tumbo lake halivumilii hata chai ya maziwa. Kwa hiyo maswali haya niliyajibu kwanza kwenye sufuria zangu, kabla ya majirani, wenzangu wa chama na akina mama wa kanisa kuanza kuniuliza. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa.

Kwani viazi vya kukaanga vina maziwa? Si ni viazi, mafuta na chumvi tu?

Chipsi tupu hazina maziwa. Maziwa huingia kwa milango mingine. Kwenye katlesi, viazi vikipondwa kwa maziwa na siagi. Kwenye bhajia, mtu akikorogea unga wa dengu kwa maziwa badala ya maji. Kwenye chipsi masala iliyomaliziwa kwa krimu. Kwenye sosi nyeupe ya kuchovya, kwenye jibini iliyokunwa juu, na kwenye krisps za pakiti zilizotiwa ladha, ambazo mara nyingi unga wake wa viungo umechanganywa na unga wa maziwa. Hata vibonge vingine vya supu huwa na maziwa. Mtu anayepika kwa ajili ya mwenye mzio hana budi kusoma kila pakiti, hata ile aliyoizoea miaka kumi.

Nikiondoa maziwa, niweke nini badala yake?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huwa nalijibu kwa kuuliza: katika chakula hicho, maziwa yalikuwa yanafanya kazi gani? Wengi hutafuta kitu kimoja cheupe cha kumimina pahali pa kitu kingine cheupe. Matokeo yake ni katlesi zenye ladha ya nazi ambayo hakuna aliyeitaka, au bhajia zilizolowa.

Wakati mwingine maziwa ni majimaji tu ya kulainisha. Hapo maji ya moto, au yale uliyochemshia viazi, yanatosha kabisa. Wakati mwingine kinachotakiwa ni mafuta yaliyomo, yanayofanya kiazi kilichopondwa kiteleze ulimini. Hapo weka mafuta: ya kupikia, tui zito, njugu zilizosagwa, parachichi. Kuna pahali ambapo kazi ni uchachu, hasa ukitumia mala au mtindi, na uchachu tunao kwenye ndimu, ukwaju, siki na nyanya. Na kuna rangi: sukari iliyomo kwenye maziwa ikikutana na protini kwenye moto hugeuka kahawia na kutoa harufu ile nzuri. Katika kukaanga, kazi hii ndiyo unayoihitaji kwa uchache kuliko zote, maana kiazi chenyewe kina wanga na sukari yake. Tena chakula chenye maziwa mengi huungua nje kabla ndani hakujaiva.

Ukishajua kazi, kibadala utakipata karibu nawe. Mimi siamini mtu wa Bungoma au Kisumu anahitaji kununua kopo la bei kali kutoka ng'ambo ili mtoto wake ale katlesi. Njugu ziko, simsim iko, soya iko, muhogo uko.

Mzio wa maziwa na tumbo kusumbuliwa na maziwa ni kitu kimoja?

Hapana, na naomba usilipite jibu hili.

Sukari ya maziwa huitwa laktosi. Watu wengi wakishakuwa wakubwa, matumbo yao hupunguza kimeng'enya cha kuivunja. Wakinywa maziwa tumbo linaunguruma, linajaa gesi, pengine linaharisha. Inaudhi na inatia aibu, lakini kwa kawaida hupita, na kiasi ndicho kinachoamua. Mtu kama huyo anaweza kuvumilia kijiko kimoja cha mala kwenye sosi na asiweze kikombe kizima cha maziwa.

Mzio, au aleji kama tunavyosema wengi, ni jambo jingine. Hapa mwili unapigana na protini za maziwa, na kiasi kidogo kabisa kinaweza kuleta vipele, midomo kuvimba, kutapika au kukohoa na kushindwa kupumua. Binti yangu alikuwa na miaka miwili alipolamba kijiko kilichokorogea viazi vyenye siagi. Kabla ya dakika kumi jicho moja lilikuwa limevimba hadi kufunga. Ikifika pumzi, usingoje maji ya chumvi wala dawa ya jirani. Nenda hospitali mara moja. Na mzio uthibitishwe na daktari, usikisiwe na sisi wapishi.

Kwa hiyo unapopikia mgeni, muulize ni lipi kati ya hayo mawili. Majibu yangu mengi hapa chini hutegemea hilo.

Basi mala, mursik, maziwa ya mbuzi au samli je? Si hizo ni tofauti?

Kwa mwenye tumbo la kusumbuka, tofauti ipo. Maziwa yakichacha, bakteria hula sehemu ya laktosi, ndiyo sababu baadhi ya watu wanaokimbia maziwa yasiyochacha huweza mala au mursik kidogo. Siagi ina laktosi kidogo, na samli safi ina kidogo zaidi kwa sababu yabisi ya maziwa imechujwa. Mama mkwe wangu anakula viazi vilivyokaangwa kwa samli bila neno.

Kwa mwenye mzio, jibu ni hapana kwa zote. Kuchachusha hakuondoi protini ya kumdhuru. Samli inaweza kubaki na chembechembe. Maziwa ya mbuzi yana protini zinazofanana sana na za ng'ombe, na wengi wanaodhurika na ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kwa watu wanaompenda mtoto kwa dhati, "Haya ni ya mbuzi, hayana neno."

Mayai nayo ni maziwa?

La. Yai si maziwa, ingawa dukani hupangwa jirani. Mwenye mzio wa maziwa anaweza kula katlesi iliyochovywa kwenye yai, mradi hana mzio wa yai vilevile. Na siagi ya njugu haina maziwa, jina lisikutishe. Ni njugu zilizosagwa tu, lakini soma chupa.

Katlesi zangu zinakauka na kupasuka bila maziwa na siagi. Nifanyeje?

Nilipasua karai nyingi za katlesi kabla ya kuelewa. Kosa halikuwa ukosefu wa maziwa. Kosa lilikuwa maji mengi ndani ya viazi.

Viazi vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa, hunywa maji. Ukiviponda vinakuwa uji, unaongeza unga ili vishikane, kisha unga unaifanya katlesi iwe ngumu, unaongeza maziwa ili ilainike, na hapo umeingia kwenye duara. Chemsha viazi na maganda yake. Kilo moja ya Shangi za ukubwa wa ngumi ya mtoto, maji ya kufunika tu, chumvi kijiko cha chai. Vikiiva mwaga maji yote lakini bakiza nusu kikombe pembeni. Menya vingali moto, ukishika kwa kitambaa. Rudisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uviponde hapo hapo kwa dakika mbili ili mvuke utoke. Utaona viazi vinaanza kuacha utando mweupe chini ya sufuria. Hiyo ndiyo dalili.

Sasa mafuta. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa vidogo sana kwa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya salad hadi kiwe cha dhahabu, ongeza saumu, tangawizi na pilipili ukipenda, halafu mimina vyote, pamoja na mafuta yake, kwenye viazi. Hayo mafuta yenye harufu ya kitunguu yanachukua nafasi ya siagi vizuri kuliko chochote nilichowahi kununua. Weka dania na chumvi. Ukishika viazi vikiwa bado vinameguka kama mchanga, ongeza yale maji ya kuchemshia kijiko kimoja kimoja. Yanalainisha na kusaidia viazi kushikana. Mara nyingi vijiko viwili hutosha.

Finyanga, kisha ziache zipoe kabisa. Ukiwa na friji, nusu saa. Wanga ukipoa hukaza, na katlesi baridi haipasuki kwenye mafuta ya moto. Chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga zikiwa chache chache. Asiyekula yai achovye kwenye uji mwembamba wa unga wa dengu na maji, kisha aviringishe kwenye chenga za mkate. Hapo tahadhari moja: baadhi ya mikate ina maziwa. Kwa binti yangu natumia unga wa mahindi uliosagwa kwa uchenga, na siku hizi wote nyumbani wanautaka huo, kwa sababu unalia ukitafunwa.

Kwa wanaopenda ladha ya nazi, vijiko vitatu vya tui zito kwa kilo ya viazi, na uongeze pilipili na ndimu kidogo. Nazi bila kitu kikali hufanya katlesi zionekane kama zimekosea njia kwenda kwenye chai.

Kisumu viazi vyangu viliiva haraka. Nilipohamia Nakuru vinabaki na vipande vigumu, ndiyo maana naongeza maziwa. Ni viazi vibaya?

Si viazi, ni mlima. Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi. Kisumu, mita kama 1,130, huchemka kwenye nyuzi 96. Ukienda Molo yanachemka mapema zaidi. Maji yanayochemka yakiwa na joto dogo huchukua muda mrefu kuivisha kiazi, hata yakiruka namna gani. Mpe kiazi dakika tano hadi nane zaidi, na funika sufuria. Maziwa hayakuwa yanaivisha vile vipande, yalikuwa yanavificha.

Jambo jingine linalofanya viazi vigome ni uchachu. Ukitia ndimu, nyanya au ukwaju kwenye viazi kabla havijalainika, vinakaza na havilainiki tena vizuri. Kwa hiyo ukibadilisha mala kwa ndimu, ndimu iingie mwisho.

Bhajia za viazi nazo? Jirani yangu anasema bila maziwa haziwi laini.

Bhajia iliyo laini nje imeharibika. Tunataka ganda kavu na kiazi laini ndani, na hayo yanatokana na unga wa dengu, maji na joto la mafuta.

Kwa viazi sita vya wastani, vikombe viwili vya unga wa dengu, vijiko viwili vikubwa vya unga wa mchele, kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha bizari ya manjano, saumu, pilipili na dania nyingi. Ongeza maji kidogo kidogo hadi rojo lipake mgongo wa kijiko na kubaki. Kata viazi vyembamba, unene wa sarafu mbili, uvioshe na kuvikausha kwa kitambaa. Wengine huchanganya vipande kwenye unga mkavu wenye viungo, wakavinyunyizia maji kwa mkono hadi unga ushike. Njia hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, ganda linakuwa na mikunjo mikunjo.

Aliyezoea ule uchachu wa mala kwenye rojo aweke kijiko kikubwa cha maji ya ndimu au ya ukwaju. Na nimegundua faida nyingine: vipande vya rojo la maziwa vikidondoka kwenye karai huungua upesi na kuyatia mafuta weusi. Rojo la maji huyaachia mafuta umri.

Ndugu wa Pwani wakisoma hapa wasichanganyikiwe. Zile viazi karai zao, za kiazi kilichochemshwa kwanza ndipo kikachovywa, nazo hazidai maziwa.

Nikaange kwa nini badala ya siagi?

Kwa mafuta ya kawaida. Siagi ina maji kama sehemu 16 kwa mia, ndiyo maana hurukaruka, na yabisi yake ya maziwa huanza kuungua kwenye nyuzi 150 hivi. Chipsi nzuri zinataka nyuzi 180 mwishoni. Kwa hiyo hata mwenye tumbo zima hana sababu ya kukaangia chipsi kwenye siagi.

Kinachokosekana ni harufu. Kaanga simsim kavu kwenye kikaango hadi ianze kurukaruka na kunukia, itwange na chumvi, uinyunyize juu ya viazi vikitoka tu kwenye mafuta. Wale wa Busia na Siaya hawahitaji kufundishwa simsim. Nimewapa watu waliokula siagi maisha yao yote na hakuna aliyeuliza siagi iko wapi.

Majarini ni swali la pekee. Wengi tunaiita siagi, na inatokana na mafuta ya mimea, lakini baadhi huongezwa maziwa ya unga. Kwa kuwa pakiti zetu zimeandikwa Kiingereza, tafuta maneno haya: "milk", "whey", "casein", "buttermilk", "lactose". Ukiona lolote, rudisha rafuni kama unampikia mwenye mzio.

Krimu ya chipsi masala naibadilisha kwa nini?

Tui zito, au njugu. Nitaanza na njugu kwa sababu ndizo za kwetu.

Pika masala yako kama kawaida: kitunguu, saumu, tangawizi, nyanya mbili au tatu, hoho, pilipili ya unga, bizari nyembamba, chumvi. Acha nyanya zikauke hadi mafuta yajitenge pembeni. Chukua vijiko viwili vikubwa vya njugu zilizosagwa laini, uzilegeze na robo kikombe cha maji ya moto, mimina, koroga dakika mbili tu. Rojo linakuwa zito na linashika chipsi. Maliza kwa ndimu na dania. Chipsi ziingie mwisho kabisa, uzigeuze mara tatu nne, upakue. Zikikaa zinalowa, na hilo hata krimu haikuwahi kulizuia.

Ukitumia tui, robo kikombe kwa kilo ya chipsi, lipunguzie moto. Tui likichemka kwa nguvu pamoja na nyanya hukatika, mafuta yakaelea na maji yakabaki chini. Likikatika, bado linalika, ila sura imepotea. Nazi sokoni Nakuru, na hata soko la Kibuye kule Kisumu, huja kutoka mbali, kwa hiyo itikise kabla ya kulipa. Isiyo na maji ndani ina hatari ya kuwa imeoza.

Naweza kutengeneza maziwa ya soya nyumbani?

Unaweza, na ndiyo njia ya bei nafuu zaidi ninayoijua. Loweka kikombe kimoja cha soya usiku kucha. Asubuhi isugue kwa mikono ganda litoke, umwage maji pamoja na maganda. Saga kwa blenda na vikombe vinne vya maji ya moto. Maji ya moto yanapunguza ile harufu ya maharagwe mabichi ambayo huwakimbiza wengi. Chuja kwa kitambaa, ukamue.

Kisha chemsha dakika 20, ukikoroga na bila kuondoka, maana yanafura na kumwagika kuliko ya ng'ombe. Usiruke hatua hii. Soya isiyoiva vizuri husumbua tumbo, na utakuwa umemkimbiza mtu maziwa ili umpe maumivu mengine.

Ukitaka kibadala cha mala, kikombe kimoja cha maziwa ya soya yaliyopoa na kijiko kikubwa cha ndimu au siki. Dakika kumi yameganda kidogo, yako tayari. Usiweke sukari kama ni ya viazi, na ukinunua ya pakiti angalia haijatiwa vanila. Niliwahi kupika katlesi za vanila kwa wageni kumi na mmoja.

Na jibini? Watoto wanataka ile inayovutika.

Hakuna kitu kitakachokuwa jibini. Nasema hivyo ili usinunue matumaini. Lakini kuvutika kunawezekana, kwa wanga wa muhogo.

Chukua muhogo mtamu, si ule mchungu, uumenye na kuukuna. Uoshe kwenye maji mengi, kamua kwa kitambaa, acha maji yatulie saa mbili. Chini unabaki wanga mweupe. Mwaga maji ya juu, osha tena, anika. Ukipata uliokaushwa tayari dukani, bora zaidi. Unga wa kawaida wa muhogo, ule wa kupikia ugali, unanata lakini hauvutiki sawasawa.

Koroga vijiko vitatu vikubwa vya wanga huo kwenye kikombe kimoja cha maziwa ya soya yakiwa baridi. Ongeza vijiko viwili vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi, saumu ya kutwanga na kijiko cha chai cha ndimu. Injika kwenye moto wa wastani ukikoroga bila kupumzika. Kwanza yanakuwa mabonge, utadhani yameharibika. Endelea. Dakika ya nne au ya tano yanashikana na kuvutika kama uzi. Mimina juu ya chipsi moto, yaliwe hapo hapo, kwa sababu yakipoa yanakuwa kama ubani.

Binti yangu aliyaona mara ya kwanza kwenye siku yake ya kuzaliwa, akiwa na miaka saba. Alikuwa hajawahi kuvuta chakula kutoka kwenye sahani hadi mdomoni kama wenzake. Alivuta hadi akasimama kwenye kiti.

Sosi ya kuchovya bila mtindi wala krimu?

Mwenye blenda aweke nusu kikombe cha maziwa ya soya, ndimu kijiko kikubwa, saumu na chumvi, kisha amimine kikombe kimoja cha mafuta kama uzi mwembamba huku blenda ikizunguka. Vyote viwe na joto moja la chumba. Inageuka nzito na nyeupe kama mayonezi.

Asiye na blenda aponde parachichi lililoiva na ndimu, dania, pilipili na chumvi. Au afanye ile ninayoipenda: kiazi kimoja kilichochemshwa, kipondwe kingali moto na punje tatu za saumu iliyotwangwa na chumvi, mafuta vijiko vinne kimoja kimoja, ndimu, na maji hadi ilegee. Kiazi kuchovywa kwenye kiazi kunawashangaza watu hadi waonje.

Njugu si nazo zina mzio?

Ndiyo, na unaweza kuwa mkali. Soya na simsim vilevile. Usimbadilishie mtoto maziwa kwa njugu ukiwa hujawahi kumpa njugu. Kwa kundi la watoto usiowajua, pika kwa mafuta, kitunguu na maji ya viazi, uachane na mengine.

Chipsi za kibandani ni salama kwake?

Kwa tumbo la laktosi, kwa kawaida ndiyo. Kwa mzio, inategemea kinachokaangwa kwenye mafuta yale yale. Kuku aliyelazwa kwenye mala, maandazi ya maziwa, soseji yenye unga wa maziwa, vyote huacha kitu kwenye karai. Siku moja niliulizia vizuri, nikaambiwa hakuna maziwa, na kweli muuzaji hakuwa anadanganya. Hakuhesabu maandazi. Sasa nauliza, "Mafuta haya leo yamekaanga nini?" Nyumbani, cha mwenye mzio hukaangwa kwanza, kwenye mafuta mapya, na mwiko wake haukopeshwi.

Mtoto asiyekunywa maziwa atapata wapi madini ya mifupa?

Tui na maziwa ya soya ya nyumbani hayafikii maziwa kwa kalsiamu, kwa hiyo usiyahesabu hivyo. Omena wanaoliwa wazima na mifupa yao, uji wa wimbi, simsim, sukuma na terere husaidia sana. Viazi vyenyewe vinapendeza pembeni mwa omena wa kukaanga. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hakuna kibadala cha jikoni cha kumnyonyeshea. Hilo ni la kliniki.

Niko kijijini, sina blenda, sina nazi, sina soya. Nina viazi, mafuta na chumvi. Nipike nini?

Una kila kitu. Kata viazi vinene vya kidole, vioshe hadi maji yawe safi, uvikaushe kabisa kwa kitambaa. Mafuta yapate moto wa wastani, vitumbukize vichache, vikae dakika sita bila kupata rangi. Vitoe, vipumzike ukichochea moto. Mafuta yakiwa makali, kiasi kwamba ukichovya ncha ya mwiko wa mti yanachemka kuuzunguka kwa fujo, virudishe dakika mbili au tatu hadi viwe vya dhahabu. Vichuje, na chumvi uinyunyize hapo hapo vikiwa bado vinalia.